Anayemwajiri yaya wa siku mbili kwa wiki naye ni mwajiri kamili

NYUMBA nyingi katika miji yetu siku hizi haziajiri tena yaya wa kulala humo. Vyumba vimekuwa vidogo, kodi imepanda, na bei ya chakula imewafanya wengi kuhesabu kila sahani. Badala yake hutafutwa mwanamke wa kuja asubuhi na kuondoka jioni, pengine siku mbili au tatu kwa wiki, wakati mama amekwenda kazini na shangazi au nyanya hayupo wa kumshika mtoto. Siku zilizosalia, mwanamke huyo huenda kwa jirani au mtaa wa pili, akalee mtoto mwingine.

Mpango huu huonekana kuwafaa wote. Mzazi hulipa kiasi anachokimudu, naye yaya hurudi kwake jioni kuwaona watoto wake. Lakini kuna swali ambalo aghalabu haliulizwi siku ya kupatana mshahara. Je, huyu ni kibarua au ni mwajiriwa? Na ikiwa ni mwajiriwa, ni nani aliyemwandikisha kokote?

Jibu la sheria ni wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira ya 2007 inamweleza kibarua kuwa mtu anayelipwa kila siku ikiisha, na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Yaya anayekuja kila Jumanne na Alhamisi, mwezi baada ya mwezi, na kupokea pesa zake mwisho wa mwezi, hayumo katika maelezo hayo. Hata yule anayelipwa kila jioni hawezi kubaki kibarua daima. Sheria hiyo inasema kuwa siku zake za kazi zikijumlika kufikia mwezi mmoja, au kazi yenyewe ikiwa si ya kumalizika kabla ya miezi mitatu, huchukuliwa kuwa ameajiriwa kwa mkataba wa mshahara wa mwezi. Na kulea mtoto si kazi ya kumalizika kwa miezi mitatu.

Kwa hivyo mwalimu, muuguzi au karani anayemwita mwanamke kumshikia mtoto mara mbili kwa wiki amekuwa mwajiri, apende asipende. Kazi ikiwa ni ya miezi mitatu au zaidi, anatakiwa kuandika mkataba. Anatakiwa kutoa likizo ya mwaka yenye malipo, likizo ya ugonjwa na likizo ya uzazi, na kutoa notisi kabla ya kumwachisha kazi. Anatakiwa pia kumpa mahali pa kulala au pesa za kodi, na kwa yaya anayerudi kwake jioni, hiyo ina maana ya marupurupu ya nyumba juu ya mshahara.

Juu ya hayo kuna mlango wa usajili, ambao kwa hakika ni milango mitatu. Wa kwanza ni wa Mamlaka ya Ushuru, KRA, ambako mwenye nyumba huongeza wajibu wa mwajiri katika nambari yake ya PIN ili aweze kutangaza na kulipa ada ya nyumba za bei nafuu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamtaka mfanyakazi achangie asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri atoe kiasi kama hicho. Mlango wa pili ni wa hazina ya uzeeni, NSSF. Chini ya sheria yake ya 2013, ambayo ilikwama mahakamani kwa miaka mingi na kuanza kutekelezwa Februari 2023, kila upande hutoa asilimia 6. Mlango wa tatu ni wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Huko hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wa mfanyakazi, na mchango haupaswi kuwa chini ya Sh300 kwa mwezi. Malipo yote haya yanapaswa kuwa yamefika mapema katika mwezi unaofuata.

Isitoshe, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha mwishoni mwa 2019, inamtaka kila mwajiri kuwa na bima ya wafanyakazi wake. Yaya akiunguzwa na mafuta jikoni, au akianguka ngazini akiwa na mtoto mgongoni, ameumia kazini sawa na mwenzake wa kiwandani.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Sheria haikuliacha jikoni la Mkenya nje ya mipaka yake, na hilo ni jambo jema. Lakini vyombo vya kuitekeleza viliundwa kwa kampuni yenye mhasibu, ofisi ya wafanyakazi na tarakilishi mezani. Mama anayeondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku anatakiwa kufanya kila mwezi kazi ile ile ya mhasibu, kwa ajili ya mfanyakazi mmoja wa siku nane au tisa. Matokeo yake yanajulikana na kila mtu mtaani. Ni wachache mno wanaojiandikisha, na anayejaribu huonekana na majirani kama mtu asiye na kazi ya kufanya.

Tuchukue hesabu ndogo ili jambo hili lieleweke. Yaya anafanya kazi katika nyumba tatu jijini Nairobi, siku mbili kila nyumba, na kila familia inamlipa Sh7,000 kwa mwezi. Jumla ni Sh21,000. Kiwango hicho kiko chini ya Sh24,000, ambazo kwa viwango vya 2025 ndipo kodi ya mapato ilipoanzia, kwa hivyo hiyo haimhusu.

Kila familia ikifuata sheria barabara, itamkata Sh420 za NSSF, Sh105 za ada ya nyumba na Sh300 za afya. Atabaki na Sh6,175. Familia nayo itaongeza Sh525 kutoka mfukoni mwake, yaani mchango wake wa NSSF na wa nyumba. Kwa nyumba zote tatu, makato ya yaya yatafika Sh2,475 kila mwezi.

Sasa tuseme mwanamke huyo huyo angelipwa Sh21,000 na mwajiri mmoja tu. Angekatwa Sh1,260 za NSSF, Sh315 za nyumba na Sh577.50 za afya, jumla Sh2,152.50. Tofauti ni Sh322.50 kwa mwezi, karibu Sh3,900 kwa mwaka. Inatokana na jambo moja: kiwango cha chini cha Sh300 cha bima ya afya kikilipwa na kila mwajiri peke yake, mtu mmoja hukilipa mara tatu. Asilimia 2.75 hufikia Sh300 pale tu mshahara unapofika takriban Sh10,900. Anayepata chini ya hapo hulipa sehemu kubwa zaidi ya jasho lake kuliko meneja wa benki. Kwa maneno mengine, yaya wa muda anaadhibiwa kwa kuwa na waajiri watatu wadogo badala ya mmoja mkubwa.

Basi haishangazi kuwa mara nyingi yaya mwenyewe ndiye husema, "Nipe tu pesa zangu mkononi." Ana karo ya kulipa mwezi huu, ilhali uzee uko mbali. Mwajiri naye huitikia kwa furaha, na wawili hao hupatana kwa maneno matupu. Lakini makubaliano hayo hayana nguvu. Masharti ya Sheria ya Ajira ni ya kiwango cha chini kabisa, na mapatano yoyote ya kuyaacha ni batili, hata kama pande zote mbili ziliyafanya kwa hiari.

Athari zake huonekana siku ya kuachana. Yaya aliyefukuzwa bila notisi anaweza kwenda kwa afisa wa leba, kwa chama cha KUDHEIHA kinachowatetea wafanyakazi wa nyumbani, au katika Mahakama ya Ajira na Leba. Mwajiri asiyeweza kuonyesha mkataba hujikuta pabaya, kwani sheria humtwika yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi yanayodaiwa. Akipatikana na hatia ya kumfuta kazi isivyo haki, anaweza kuamriwa kulipa fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Na iwapo hakuwa amemwandikisha yaya katika NSSF, anaweza pia kudaiwa malipo ya huduma kwa kila mwaka aliomtumikia. Aliyemwandikisha huondolewa deni hilo. Wanaoona usajili kuwa hisani kwa yaya wanasahau kwamba karatasi hiyo humlinda na mwenye nyumba.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi si ya mahakamani. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Turudi kwa yule yaya wa nyumba tatu. Michango yake ya NSSF pamoja na ya waajiri wake ingekuwa Sh2,520 kila mwezi, sawa na Sh30,240 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ingefika zaidi ya Sh300,000 kabla ya kuongezwa faida yoyote. Kwa mwanamke atakayelea watoto wa wengine kwa miaka 20 au 25, hiyo ndiyo tofauti kati ya kurudi kijijini na kitu mkononi na kurudi kuwa mzigo kwa mabinti zake, ambao huenda nao watakuwa mayaya. Amechuma juani. Kivuli chake kiko wapi?

Ni vyema kukumbuka kuwa kuandikishwa kwa watumishi wa nyumbani si jambo geni katika nchi hii. Chini ya ukoloni, sheria ya mabwana na watumishi ya 1906 ilimfanya mtumishi anayetoroka kazini kuwa mhalifu. Baadaye kukaja kipande, ambacho Mwafrika mwanamume alilazimika kukivaa shingoni kikiwa na rekodi ya waajiri wake. Wakati huo aliyesajiliwa alikuwa mtumishi, ili adhibitiwe. Sheria za leo zimegeuza mambo, zikamtaka mwajiri ajitaje mbele ya serikali ili awajibike. Mabadiliko hayo ni makubwa, na Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kiliyatia muhuri kwa kumpa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Kinachosalia ni kuyafikisha hadi mlangoni pa nyumba.

Kuna wanaosema kuwa haiwezekani. Wanauliza, nani atakwenda nyumba kwa nyumba kukagua? Lakini nchi nyingine zimepita njia hii, na zina la kutufunza.

Nchini Marekani, suala hili lilimwangusha mtu mkubwa. Mnamo Januari 1993, Zoë Baird, aliyekuwa ameteuliwa na Rais Bill Clinton kuwa Mwanasheria Mkuu, alilazimika kujiondoa baada ya kubainika kuwa aliwaajiri yaya na dereva wasio na vibali, na hakuwalipia michango ya uzeeni kwa wakati. Kelele zilikuwa nyingi, lakini bunge la nchi hiyo halikuishia kwenye kelele. Mwaka uliofuata lilipitisha sheria iliyowaruhusu waajiri wa nyumbani kulipa michango hiyo mara moja kwa mwaka, pamoja na fomu yao ya kawaida ya kodi. Vilevile liliinua kiwango cha mshahara ambacho mtu akikivuka ndipo anapoanza kudaiwa, kutoka dola 50 kwa robo mwaka hadi dola 1,000 kwa mwaka.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Kupitia mpango wa Cesu ulioanza 2006, na ule wa Pajemploi kwa walezi wa watoto, mwenye nyumba hutaja tu saa zilizofanywa na mshahara aliolipa. Ofisi ya serikali ndiyo hukokotoa michango na kumwandalia mfanyakazi hati ya mshahara. Nusu ya gharama hiyo humrudia mwajiri kupitia nafuu ya kodi, ndani ya mipaka iliyowekwa. Mfaransa hahitaji mhasibu ili kuwa mwajiri mwema wa yaya.

Afrika Kusini, iliyo karibu nasi zaidi kwa hali, iliwaingiza wafanyakazi wa nyumbani katika bima ya kukosa kazi mwaka wa 2003. Iliweka mstari ulio wazi: anayefanya kazi zaidi ya saa 24 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja lazima aandikishwe, hata kama ana waajiri wengine. Kila upande huchangia asilimia moja. Lakini nchi hiyo iliwasahau katika sheria ya fidia ya majeraha, hadi mfanyakazi mmoja alipofariki katika kidimbwi cha kuogelea cha mwajiri wake jijini Pretoria mwaka wa 2012. Binti yake aliambiwa hana cha kudai. Kesi ilifika Mahakama ya Katiba, ambayo Novemba 2020 iliamua kuwa kuwatenga wafanyakazi hao ni kinyume cha katiba. Sisi sheria yetu haikuwatenga. Tumewatenga kwa kutoitekeleza.

Kipo pia kioo kilicho karibu zaidi. Kila mara zinapotufikia habari za dada zetu wanaoteswa na waajiri wao Saudi Arabia na katika mataifa mengine ya Ghuba, tunapandwa na hasira. Tunauliza iko wapi mikataba, nani aliwaandikisha, kwa nini wamefungiwa majumbani bila siku ya kupumzika. Maswali hayo ni ya haki. Lakini yanatupasa kuulizwa pia Umoja, Nyali na Milimani. Tutawezaje kuwadai Waarabu mkataba ambao hatumwandikii binti wa Mkenya mwenzetu anayemlisha mtoto wetu?

Pamoja na hayo, si haki kumlaumu mwajiri pekee. Agizo la mishahara lililoanza kutumika Novemba 1, 2024 liliweka Sh16,113.75 kuwa mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani katika majiji ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Mama anayepokea Sh40,000 kabla ya yeye mwenyewe kukatwa NSSF, afya, nyumba na kodi ya mapato, hawezi kuzilipa akabaki na nauli ya kwenda kazini. Pesa anazomlipa yaya hazimpunguzii kodi hata shilingi moja, ilhali kampuni anayoifanyia kazi huhesabu mshahara wake yeye kuwa gharama ya biashara na kupunguziwa kodi. Kwa hivyo malezi ya watoto, yanayouwezesha uchumi mzima kufanya kazi, yamebebeshwa wanawake wawili: mmoja analipwa kidogo, na mwingine analipa asichonacho.

Ndiyo maana yaya wa muda si njia ya kukwepa sheria, bali huenda ndiye suluhisho lililo ndani ya uwezo wa wengi, iwapo serikali itamtambua. Sheria ya Ajira haikumtengea fungu lake. Haisemi, kwa mfano, siku 21 za likizo ya mwaka zihesabiweje kwa anayefanya kazi siku mbili kwa wiki. Mwajiri na yaya huachiwa wajikokotolee, na penye utata mnyonge ndiye huumia.

Marekebisho yanayohitajika si ya kutisha. La kwanza ni kuifanya milango mitatu kuwa mmoja. Nchi ambayo imekuwa ikituma pesa kwa simu tangu 2007, na ambayo huduma zake nyingi za serikali sasa zinapatikana kupitia eCitizen, haishindwi kumwezesha mwenye nyumba kuingiza nambari ya kitambulisho cha yaya na mshahara wake, kisha mfumo ukakokotoa na kugawa michango kwa KRA, NSSF na SHA kwa malipo mamoja.

La pili ni kukifanya kiwango cha chini cha bima ya afya kuwa cha mtu, si cha mwajiri. Yaya akishalipiwa Sh300 na nyumba ya kwanza, nyumba ya pili na ya tatu zikate asilimia iliyowekwa tu.

La tatu ni kumruhusu mwajiri wa nyumbani kulipa kila baada ya miezi mitatu au hata mara moja kwa mwaka, na kumpa nafuu ya kodi kwa sehemu ya mshahara wa yaya aliyesajiliwa. Hazina ya serikali huenda ikalalamika kuwa itapoteza mapato. Lakini kwa sasa haipati lolote kutoka kwa nyumba ambazo hazijajiandikisha, na baadaye ndiyo itakayowatunza wazee wasio na akiba.

La nne ni mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili rahisi, unaopatikana bila malipo katika kila ofisi ya leba na kwa chifu. Uonyeshe siku za kazi, saa za kuanza na kumaliza, mshahara, nani analipa nauli, likizo na muda wa notisi. Wengi hawaandiki mikataba kwa kuwa hawajui waanzie wapi, wala hawana pesa za kumlipa wakili.

Mpaka hayo yafanyike, sheria iliyopo ingali sheria. Mzazi anayepanga kumwajiri yaya wa siku mbili kwa wiki anaweza kuanza na yaliyo mkononi mwake: kumwandikia karatasi ya makubaliano na kumpa nakala, kumwandikisha katika NSSF na SHA, na kuweka rekodi ya kila malipo. Kama kuna nyumba nyingine zinazomtumia, si vibaya waajiri wakakaa pamoja wakakubaliana viwango na siku za likizo, ili yaya asipewe mapumziko Jumatatu huku akisubiriwa Jumanne.

Tumezoea kusema kuwa yaya ni mtu wa nyumbani, ni kama jamaa yetu. Maneno hayo ni matamu, lakini mara nyingi ndiyo yanayotumiwa kumnyima alicho nacho haki. Jamaa hulindwa anapougua na anapozeeka. Ikiwa hatuko tayari kufanya hivyo wenyewe, basi walau tumwandikishe pale ambapo sheria imeahidi kumlinda.